Maswali ya Wasomaji: Je, Ni Kweli Kwamba Joto Hupanda Juu?

Barua zilizotufikia safari hii kuhusu joto ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua chache ambazo majibu yake yanashikana. Wasomaji wengi wanakumbuka kutoka darasani kwamba joto husafiri kwa njia tatu, yaani mpitisho (joto kupita ndani ya kitu au kati ya vitu vinavyogusana), myuko (joto kubebwa na hewa au kimiminiko kinachosogea) na mnururisho (joto kusafiri kama mwanga, bila kuhitaji kitu cha kulibeba), lakini wanapotaka kueleza jambo wanaloliona kwa macho yao hukwama, kwa sababu vitabu vya kiada huzitaja njia hizo kana kwamba kila tukio lina njia yake moja. Mara nyingi zote tatu hufanya kazi kwa wakati mmoja, na swali lenye manufaa ni hili: ni njia ipi inayobeba joto jingi zaidi, na ni ipi iliyozibwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kuezeka. Tangu nikiwa shuleni naambiwa kwamba joto hupanda juu. Kama ni kweli, kwa nini chumba chenye paa la bati lisilo na dari huwa na joto kali mchana, ilhali bati liko juu na watu wako chini? Joto hilo linashukaje? Na je, ile karatasi inayong'aa inayouzwa kwa ajili ya kuwekwa chini ya bati inasaidia kweli, au ni biashara tu?

JIBU: Ndugu fundi, hilo neno uliloambiwa ndilo lenye kasoro. Kinachopanda juu si joto, bali ni hewa au kimiminiko chenye joto, na kati ya hayo mawili kuna tofauti kubwa. Hewa inapopata joto hutanuka, na ikitanuka, ujazo uleule unakuwa na uzito mdogo kuliko wa hewa baridi iliyo jirani yake. Nguvu ya uvutano ya dunia huivuta zaidi ile iliyo nzito, nayo inaposhuka huisukuma ile nyepesi kwenda juu. Huo ndio myuko, na unategemea uvutano kwa kiasi ambacho, ndani ya chombo kinachoizunguka dunia kwenye obiti, mwali wa mshumaa hauchongoki kuelekea juu bali huwa na umbo la mviringo, kwa kuwa humo hakuna upande uitwao juu. Mpitisho na mnururisho havina upendeleo huo. Hivyo viwili huenda upande wowote, juu, chini au kando, mradi tu upande huo uwe na halijoto ya chini zaidi.

Sasa turudi kwenye bati lako. Hewa inayogusa upande wa chini wa bati hupata joto, lakini tayari iko juu kabisa na haina pa kupandia, kwa hiyo hubaki imetanda hapo kama tabaka, huku hewa iliyo poa zaidi ikikaa chini yake. Katika hali hiyo myuko hauwezi kuwafikishia joto watu walioketi sakafuni. Mpitisho kupitia hewa nao ni dhaifu mno, maana hewa iliyotulia ni miongoni mwa vihami bora vya joto, yaani vitu vinavyozuia joto kupita, tulivyo navyo. Inabaki njia moja tu, nayo ni mnururisho.

Kila kitu chenye halijoto hutoa mnururisho, hata kama hakiwaki wala hakitoi mwanga unaoonekana. Mwaka 1879 mwanafizikia Josef Stefan alionyesha kwamba kiasi kinachotolewa hufuata kipeo cha nne cha halijoto halisi, ile inayohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba ongezeko dogo la halijoto huleta ongezeko kubwa la mnururisho. Chukua bati lililopakwa rangi au lililoshika kutu, likiwa na nyuzijoto 60 wakati wa jua kali, na vitu vilivyo chini yake viwe na nyuzijoto 27. Kila mita ya mraba ya bati hutuma chini zaidi ya wati 600, na vitu vya chini hurudisha juu kiasi cha wati 400. Kinachobaki chumbani ni takribani wati 200 kwa kila mita ya mraba. Katika chumba cha mita 4 kwa 5, hizo ni wati 4,000, yaani sawa na pasi nne hivi za umeme zilizowashwa kwa pamoja na kuning'inizwa chini ya bati.

Kwa kuwa nimeitaja pasi, jaribu jambo hili. Shika pasi yenye moto, uso wake ukiangalia chini, kisha weka kiganja chini yake kwa umbali wa shubiri moja, bila kuigusa. Utahisi joto mara moja, ingawa hewa iliyopata joto kutoka kwenye pasi haishuki hata kidogo kukujia. Sasa mwambie mwenzako apitishe kipande cha karatasi ya aluminiamu katikati ya pasi na kiganja chako. Joto hukatika papo hapo, kama mtu aliyezima taa, na akiiondoa karatasi hurudi kwa kasi ileile. Hewa haiwezi kubadilika upesi kiasi hicho. Kilichozuiwa ni mnururisho, unaosafiri kwa mwendo wa mwanga kwa sababu asili yao ni moja.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Karatasi inayong'aa inasaidia, na inasaidia sana, lakini kwa masharti ambayo wauzaji huyasahau. Uso wa aluminiamu uliosafishwa vizuri huakisi sehemu kubwa ya mnururisho unaoujia, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wenyewe hutoa mnururisho kidogo sana, chini ya moja ya kumi ya ule ambao ungetolewa na uso uliopakwa rangi wenye halijoto hiyohiyo. Sharti la kwanza ni kwamba lazima pawepo nafasi ya hewa upande unaong'aa. Ukiibana karatasi kati ya bati na ubao, pande zote zikiwa zimegusana, mnururisho hauna kazi tena mahali hapo. Joto litapita kwa mpitisho, na aluminiamu ni mojawapo ya metali zinazopitisha joto kwa wepesi zaidi. Sharti la pili ni usafi. Tabaka la vumbi hutoa mnururisho kama rangi ya kawaida, hivyo karatasi ambayo upande wake wa kung'aa umetazama juu hupoteza nguvu kadiri vumbi linavyojikusanya. Kama ni lazima uchague upande mmoja, uelekeze chini, ambako vumbi halitulii.

Niongeze neno kuhusu rangi, kwa kuwa wateja wako watakuuliza. Rangi nyeupe upande wa juu wa bati ina faida kubwa, kwa sababu huakisi mwanga wa jua na wakati huohuo hutoa mnururisho wa joto vizuri kuelekea angani. Upande wa chini haisaidii chochote. Katika mnururisho wa vitu vyenye nyuzijoto 60, ambao jicho haliuoni, rangi nyeupe na rangi nyeusi hulingana karibu kabisa. Bati jipya lisilopakwa rangi, pamoja na kung'aa kwake, hushika moto juani kuliko bati jeupe, kwa kuwa hufyonza sehemu ya mwanga wa jua na kisha hushindwa kulitoa joto hilo kwa mnururisho.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu wetu alisema kwamba meza ya mbao na miguu yake ya chuma, vikiwa vimekaa usiku kucha katika chumba kimoja, vina halijoto moja. Lakini nikigusa chuma kinakuwa baridi, na mbao haiwi hivyo. Nani mkweli, mwalimu au mkono wangu?

JIBU: Marahaba. Mwalimu ni mkweli, na mkono wako nao hausemi uongo, ila unapima kitu kingine tofauti na unachodhani. Neva za ngozi hazina namna ya kujua halijoto ya chuma. Zinachokijua ni halijoto ya ngozi yenyewe. Ngozi ya mkono huwa na nyuzijoto zinazokaribia 33, na kitu chochote kilicho chini ya hapo kitachukua joto kutoka kwake. Suala ni kasi. Wanafizikia hupima uwezo wa kupitisha joto kwa wati kwa kila mita kwa kila kelvini (sawa na tofauti ya nyuzijoto moja), na kwa kipimo hicho shaba ina takribani 400, chuma cha kawaida 50, kioo 1, mbao kati ya 0.1 na 0.2, na hewa iliyotulia 0.026 tu. Ukigusa chuma, joto la kidole hukimbilia ndani ya chuma na kusambaa, hivyo ngozi inaendelea kupoa. Ukigusa mbao, sehemu nyembamba inayoguswa hupata joto haraka, joto halina pa kwenda, na baada ya muda mfupi kidole na mbao vinakuwa karibu sawa.

Usiniamini kwa maneno. Tafuta sahani ya metali na kibao cha mbao vilivyokaa pamoja kwa muda mrefu, kisha weka kipande cha barafu juu ya kila kimoja, vipande vyenye ukubwa sawa. Waulize wenzako ni kipi kitayeyuka kwanza. Wengi watasema kile cha kwenye mbao, kwa kuwa metali ni "baridi". Utaona barafu ya kwenye metali ikianza kulowa na kuteleza mara moja, huku ile ya kwenye mbao ikikaa. Metali hupeleka joto kwenye barafu kwa wepesi uleule ambao hulichukua kutoka kwenye kidole. Na ikiwa vyote viwili vimeachwa juani hadi vikapita halijoto ya mwili, mambo hugeuka: chuma ndicho kitakachokuunguza.

Metali zina sifa hiyo kwa sababu ndani yake mna elektroni zisizofungwa kwenye atomi moja, nazo huzunguka huku na huko zikibeba nishati. Lakini usiifanye kuwa kanuni isiyovunjika. Almasi haina elektroni huru, na bado hupitisha joto mara tano hivi zaidi ya shaba, kwa kuwa atomi zake zimeshikana kwa nguvu na kwa mpangilio safi, hivyo mtikisiko wa atomi moja hufika mbali bila kupotea njiani.

Kutokana na hayo utaelewa pia kwamba blanketi halina joto la kumpa mtu. Linachofanya ni kuikamata hewa katika nyuzi zake ili isiweze kuzunguka kwa myuko, na hewa isiyozunguka karibu haipitishi joto. Blanketi hilohilo ukilizungushia barafu litaichelewesha kuyeyuka. Mwaka 1833 mfanyabiashara Mmarekani Frederic Tudor alisafirisha barafu kwa meli kutoka Boston hadi Calcutta, India, safari ya miezi minne iliyovuka ikweta mara mbili, na zaidi ya nusu ya shehena ilifika ikiwa ingali barafu, kwa kinga ya vumbi la mbao na vifaa vya namna hiyo tu.

SWALI: Nikiacha feni ikizunguka katika chumba kilichofungwa na kisicho na mtu, nitakikuta kimepoa?

JIBU: Hapana. Utakikuta kimeongezeka joto kidogo, maana feni ya wati 60 huishia kuongeza wati 60 za joto chumbani. Feni humpoza mtu, si chumba. Kuizunguka ngozi kuna tabaka jembamba la hewa iliyopata joto na unyevu kutoka mwilini, na upepo huliondoa tabaka hilo na kurahisisha jasho kukauka. Kipimajoto kikavu kilichowekwa mbele ya feni hakishuki hata nyuzi moja.

SWALI: Chupa ya chai huhifadhi maji ya moto yakabaki moto, na maji ya baridi yakabaki baridi. Inajuaje ifanye lipi?

JIBU: Haijui, na haina haja ya kujua. Kazi yake ni kuzuia joto lisivuke ukuta, iwe kutoka ndani kwenda nje au kutoka nje kuingia ndani. Mwanasayansi wa Uskoti James Dewar aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya kuhifadhi gesi zilizogeuzwa kuwa kimiminiko kwa baridi kali, kwa hiyo shida yake ya kwanza ilikuwa joto linaloingia, si linalotoka.

Ndani ya gamba la nje mna chupa ya kioo yenye kuta mbili, na hewa iliyokuwa kati ya kuta hizo imenyonywa. Pasipo hewa hakuna mpitisho wala myuko katika nafasi hiyo. Lakini ombwe, yaani nafasi hiyo isiyo na hewa, haliuzuii mnururisho, kwa hiyo nyuso za kioo zinazotazamana hupakwa utando wa fedha unaong'aa, kwa sababu ileile niliyomweleza fundi hapo juu. Palipobaki wazi ni shingoni, ambako kuta mbili huungana na joto hupita kwa mpitisho kupitia kioo, na kwenye kizibo. Ndiyo maana kizibo kibovu huharibu kazi nzima ya chupa nzuri.

Ukiigeuza chupa ya kioo ikiwa imetolewa kwenye gamba lake, utaona kwenye kitako ncha ndogo iliyochongoka. Hapo ndipo hewa ilipotolewa na kioo kikazibwa kwa moto. Ncha hiyo ikivunjika, hata kama chupa yenyewe inaonekana nzima, hewa huingia na ombwe hutoweka. Ili kupima, mimina maji yanayochemka ndani ya chupa hiyo ya kioo, funga, kisha baada ya dakika chache pitisha mkono upande wa nje wa kioo. Ukihisi joto ubavuni, chini ya shingo, ombwe halipo tena.

SWALI: Filamu huonyesha mtu akitupwa anga za juu bila vazi maalumu na kuganda papo hapo. Je, ni sahihi?

JIBU: Si sahihi. Ili kitu kipoe haraka lazima kiwepo kitu kingine cha kulipokea joto kwa kugusana, na huko nje hakuna hewa wala maji. Njia kubwa inayobaki ni mnururisho. Ngozi yenye nyuzijoto 33 hutoa karibu wati 500 kwa kila mita ya mraba, na hata tukichukulia kwamba hairudishiwi chochote, kwa hesabu ya haraka mwili wa kilo 70 ungepungua nyuzijoto moja kwa kila dakika tano au zaidi. Unyevu wa machoni na mdomoni ungegeuka mvuke na kupoza sehemu hizo upesi zaidi, lakini mtu huyo angepoteza fahamu kwa kukosa oksijeni kabla ya sekunde 15 hivi, muda mrefu kabla ya baridi kuwa tatizo lake.

Kwa wahandisi wa vyombo vya angani tatizo ni kinyume chake, yaani namna ya kuliondoa joto. Mitambo na miili ya watu hutoa joto wakati wote, na jua huongeza wati 1,361 kwa kila mita ya mraba inayolielekea. Kituo cha Kimataifa cha Anga hutumia mabomba ya amonia yanayokusanya joto na kulipeleka kwenye paneli kubwa zilizotandazwa nje, ambazo hulitoa kwa mnururisho, na paneli hizo huzungushwa ili ubapa wake usilielekee jua.

SWALI: Mimi ni mtunza bustani nyanda za juu. Asubuhi baada ya usiku usio na mawingu nakuta jalidi, yaani barafu nyembamba, kwenye majani, ilhali kipimajoto hakikufika sifuri usiku kucha. Wenzangu hufunika miche kwa kitambaa chepesi tu, nami naona hakiwezi kuzuia baridi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wenzako wako sahihi, na si wewe wa kwanza kuwatilia shaka. Daktari William Charles Wells, aliyechapisha utafiti wake kuhusu umande mwaka 1814, alikiri kwamba zamani aliwacheka watunza bustani kwa kufunika mimea kwa mikeka myembamba, kwa kuwa aliamini kwamba kifuniko hicho kingepoa sawa na hewa na kisingefaa kitu. Baadaye alipima na kugundua kwamba usiku usio na mawingu mmea hupoa kupita hewa inayouzunguka.

Sababu ni mnururisho. Jani hutoa mnururisho kuelekea angani, na anga lisilo na mawingu hurudisha kidogo sana. Mawingu yakiwepo, hurudisha kiasi kinachokaribia kile kilichotolewa, na hilo ndilo linaloufanya usiku wa mawingu uwe na joto zaidi. Kipimajoto chako, ambacho bila shaka kimewekwa juu kidogo na ndani ya kivuli chake, kinapima hewa, si jani. Jani lililo wazi laweza kushuka chini ya sifuri wakati hewa ya juu yake ina nyuzijoto tatu au nne. Wells aliweka mafungu ya sufi juu ya ubao ulioinuliwa na mengine chini ya ubao huohuo. Yale ya juu, yaliyotazama anga, yalikusanya umande mwingi zaidi kuliko yale ya chini.

Kwa hiyo kitambaa hakizuii baridi kuingia. Kinachofanya ni kusimama mahali pa anga, na kwa kuwa halijoto yake haiko mbali na ile ya hewa, hulirudishia jani sehemu kubwa ya mnururisho wake. Kitandaze jioni kabla ardhi haijapoteza joto lake la mchana, kifike hadi chini pande zote, na kiinue kwa vijiti kisilale juu ya majani, kwa maana uso wa juu wa kitambaa nao hupoa kwa kutazama anga, na kikigusa jani kitalinyonya joto kwa mpitisho.